Guku alikuta msitu mtupu? Bibi anasema hapana

Najua nimeadimika. Kulikuwa na test mbili, kulikuwa na bumu lililochelewa, na kulikuwa na uvivu, ambao huo sina kisingizio chake. Leo nina jambo linaninyima usingizi, na kwa kuwa hapa ndipo ninapomwaga yote, acha nimwage na hili.

Jambo lenyewe ni hivi. Mwezi wa nane ukoo wetu utakutana Geita kujengea kaburi la baba yake babu, ambaye nyumbani sote tunamwita Guku, yaani babu kwa Kisukuma. Baba mkubwa akanipigia simu: "Wewe si ndiye unayesoma historia huko chuo kikuu? Utaandika historia ya Guku, ukurasa mmoja tu, utaisoma pale kaburini watu wote wakiwepo." Nami kwa kujiamini nikajibu, hakuna shida Baba mkubwa. Nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, sasa ukurasa mmoja utanishinda nini?

Umenishinda.

Historia ya Guku kila mtoto wa kwetu anaijua kwa kichwa. Inasimuliwa harusini, inasimuliwa msibani, na baba zangu wakishapata mbili tatu inasimuliwa hata kama hakuna aliyeuliza. Mwaka 1951 Guku alitoka Kwimba na shoka begani. Akavuka ziwa. Akakuta msitu mtupu, una simba na mbung'o tu. Akaufyeka peke yake, akalima pamba, akapata ng'ombe zizi zima, akazaa watoto kumi na mmoja, na mwaka 1958 akaandamana hadi Mwanza kumkataa Mwingereza. Basi. Hapo watu wanapiga vigelegele na sahani za pilau zinapita.

Niwape picha kidogo ya mambo yalivyokuwa, maana kuna wadau wa Mtwara na Tanga ambao wakisikia Geita wanawaza dhahabu tu. Dhahabu ilikuwepo kweli, mgodi wa zama za mkoloni ulichimba kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Lakini Guku hakufuata dhahabu, alifuata udongo. Miaka ya 1940 Usukuma wa mashariki ya ghuba, yaani Kwimba, Maswa na kwingineko, ulikuwa umejaa watu na ng'ombe, na mashamba yamechoka. Kule kwetu udongo una majina yake, na mtu aliyekulia jembeni anakutajia bila kufikiri: luseni ni ule wa kichanga kule juu, mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaonata mguuni kama ulimbo, na katikati kuna wa aina nyingine kadhaa. Luseni ukilimwa mfululizo bila kupumzika unakuwa kama majivu. Mwaka 1947 serikali ya Mwingereza ikaanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, kulekule Kwimba. Ndani yake kulikuwa na malambo ya maji, matuta, samadi, kupunguza mifugo kwa lazima, na jambo moja kubwa ambalo ndilo linatuhusu: kufungua nchi ya Geita, ng'ambo ya ghuba, ili watu wahamie huko.

Kilichokuwa kimeifunga nchi hiyo ni mbung'o. Anampa binadamu malale, na ng'ombe anampa nagana, ambayo wafugaji wengi wanaiita ndorobo. Mdudu huyu anapenda kivuli cha vichaka. Ukikata vichaka anahama au anakufa. Ila vichaka havikatwi mara moja vikaisha, mvua mbili tu vimerudi. Wataalamu wa zama hizo, hasa yule Charles Swynnerton aliyefanya utafiti Shinyanga hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, walielewa kwamba dawa ya kudumu ni watu wenyewe: wakae karibu karibu, walime, wakate kuni, wachome, mpaka kichaka kikose nafasi ya kuota. Maana yake ni kwamba mtu mmoja na shoka lake, hata awe na misuli ya aina gani, akiingia pale peke yake mbung'o anamshinda.

Hilo nilikuwa nimelisoma semina ya mwaka wa pili, nikaliandikia asaimenti, nikapata maksi nzuri tu. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba linamhusu Guku. Si unajua tena, historia ya kitabuni inakaa kwenye desa, ya nyumbani inakaa kwenye pilau.

Basi likizo iliyopita nikaenda Geita kumwona Bibi. Zamani safari hiyo ilikuwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, unakula samaki wa kukaanga mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Sasa basi linapita juu ya daraja lililozinduliwa Juni 2025, kilomita tatu za maji, na nilikuwa sijamaliza kujibu meseji tayari tuko Busisi. Bibi huyu ni binti wa Guku, dada yake babu yangu, na katika wale kumi na mmoja amebaki yeye tu. Walipovuka ghuba hiyohiyo kwa mtumbwi alikuwa na miaka saba hivi. Mwenyewe anahesabu kwa meno: "Nilikuwa nimeshang'oka ya mbele."

Nikamkuta anakoroga mlenda. Shikamoo Bibi. "Marahaba mume wangu. Umekonda. Huko mnakula vitabu?" Akanipa michembe na karanga, tukakaa chini ya mwembe, nikatoa daftari. Nikamwambia nimetumwa kuandika historia ya Guku, nikamsomea nilichokuwa nacho. Nilipofika pale kwenye msitu mtupu akanyanyua mkono.

"Msitu mtupu una mafiga?"

Nikamwambia sijaelewa. Akasema msimu ule wa kwanza, mama yake alipokuwa anasafisha mahali pa kujenga, alikuta mawe matatu ya jikoni, meusi kwa moshi, yamekaa palepale alipoyaacha mwenyewe. Vigae vya vyungu vimetapakaa. Na pembeni ya shamba kulikuwa na kichuguu cha mawe meusi mazito, mengine yana vitundu, ambayo wao watoto walikuwa wakiyarushia nyani. "Mama aliyaosha yale mafiga akayapikia. Akasema mwenyewe akirudi atayakuta."

Jamani, yale mawe meusi mnayajua? Mimi niliyajua papo hapo nikatamani ardhi inimeze. Ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki mtu akiyeyusha chuma. Nchi ile ni Uzinza, na ndani yake walikuwepo mafundi wa chuma wanaoitwa Warongo, ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma miaka mingi kabla ya jembe la Ulaya kufika. Ina maana huenda babu wa Guku kule Kwimba alilimia jembe lililofuliwa na watu wa nchi hii tunayoita tupu!

Walikwenda wapi basi? Hapa sina jina la mtu wala tarehe ya kaya ile, nina historia ya eneo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana. Ikafuatana na ndui na njaa. Watu wakipungua mashamba yanageuka vichaka, na vichaka vikirudi mbung'o naye anarudi. Helge Kjekshus aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1977, na kabla yake John Ford mwaka 1971, wote wakibishana na wale waliodhani Afrika ilikuwa pori tangu kuumbwa kwake. Halafu miaka ya 1920 na 1930 Waingereza nao wakahamisha watu sehemu kadhaa za magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Kwa hiyo "msitu mtupu" aliouona Guku mwaka 1951 ulikuwa na umri wa mtu mzima tu. Ulikuwa shamba la mtu lililougua.

Rumeti wangu hapa hosteli ni Mzinza. Niliporudi nikamsimulia nikidhani nimegundua dunia. Akacheka mpaka akakaa. "Kwa hiyo imebidi usome miaka mitatu ili ujue sisi tulikuwepo?" Kisha akanyamaza, akasema bibi yake mzaa mama huwa anaonyesha kwa kidole upande ule na kusema, kule ndiko kwetu kabla ya malale. Sijui ni kulekule kwa Guku au ni kwingine, Uzinza ni kubwa. Ila tangu siku hiyo nikimwona anakunja shuka lake asubuhi nakumbuka mafiga.

Tuendelee na Bibi. Kuhusu "peke yake" alicheka zaidi. Walivuka kaya nne, wote wa ujirani mmoja Kwimba, na wakamwona kwanza mwanangwa wa pale wakaonyeshwa mahali. Miti mikubwa ilikatwa na basumba, vijana wa kikundi, wanakuja kwa kaya moja leo na nyingine kesho, unawapikia na kuwatafutia pombe. Vichaka vyenyewe, ile miiba inayoficha mbung'o, vilikatwa na mama zake. Guku alikuwa na wake wawili wakati huo. Kung'oa visiki, kuchoma, kupanda, kupalilia: mama zake. Yeye Bibi na kaka yake, ambaye ndiye babu yangu, kazi yao ilikuwa kukaa juu ya dungu tangu alfajiri kuamia ndege kwenye mtama, na usiku kupiga debe nguruwe wasiingie viazini. "Guku naye alifanya nini?" nikauliza. Bibi akafikiri kwa haki kabisa. "Alifanya kazi sana. Usimwonee. Mikono yake ilikuwa kama gome. Lakini alikuwa na mikono miwili."

Mwaka wa pili mdogo wake Bibi, mtoto wa kunyonya, alikufa kwa homa. Hawakuwa na ng'ombe wa maziwa, maana wale wachache walikuwa wameachwa Kwimba kwa ndugu kwa hofu ya ndorobo. Alizikwa chini ya mkwaju, na mkwaju ule mama yake Bibi akakataa usikatwe. Upo hadi leo. Nimekaa chini yake mara ngapi nikila ushishi bila kujua!

Pamba ilianza kutoka vizuri msimu wa tatu. Sehemu hii nilikuwa nadhani ni ya Guku tu, na kumbe ndiyo imenifungua macho kuliko zote. Fuateni hesabu ya Bibi. Pamba inapalilia mama, inachuma mama na watoto, inabeba mama kichwani hadi kwa mnunuzi. Fedha inaingia mfuko wa Guku. Hiyo siyo siri, ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Fedha ananunulia ng'ombe, baada ya mbung'o kurudi nyuma na ng'ombe kuweza kukaa. Ng'ombe anaolea mke wa tatu, na baadaye wa nne. Mke mpya analeta mikono miwili na watoto wanaleta mingine, shamba linapanuka, pamba inaongezeka. Ndiyo maana zizi lilijaa. Na Bibi mwenyewe alipoolewa, ng'ombe wake walioingia pale zizini ndio kaka yake aliowatumia kuoa. Yaani bibi yangu mzaa baba alitolewa ng'ombe za huyu Bibi. Mimi hapa ninayeandika ni zao la mahari yake, wadau, na sikuwahi kuambiwa.

Mizani ya wanunuzi ilikuwa inawaibia, hilo wote wawili, Baba mkubwa na Bibi, wanakubaliana. Wakulima wa kanda ile hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake walizunguka vijijini kuandaa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 ikapatikana Victoria Federation, muungano wa ushirika ambao ulikuja kuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Guku alikuwa mwanachama na alijua kusoma mizani ingawa hakujua kusoma jina lake. Hilo naliandika kwa fahari bila kupunguza hata nukta.

Maandamano ya 1958 sasa. Watu wa Geita walikuwa wamechoshwa na sheria za matuta na mifugo, ukikosa faini, ukirudia jela, halafu serikali ikawaletea baraza la wilaya la mchanganyiko wa Waafrika, Wahindi na Wazungu ambalo hawakulitaka. TANU yenyewe ilikuwa imezuiwa kufanya kazi kanda ile tangu 1954. Watu wakaandamana, wengine wakaenda hadi Mwanza, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Ni moja ya sura kali za harakati za uhuru wetu na watu wengi hawaijui. Nikamwuliza Bibi, Guku alipigwa bomu la machozi? "Guku alifika Busisi, akaambiwa ng'ombe wake mwekundu anazaa na amekwama, akarudi." Akaona uso wangu. "Usiandike hilo." Nimeliandika, Bibi, nisamehe, na hata hivyo naona ng'ombe mwekundu alikuwa na hoja.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikawahamisha wote kando ya barabara. Kaya ya zamani ikabaki na uzio wake wa minyaa, ambao hadi leo unaonekana umesimama porini unazunguka hewa. Guku hakuipenda hiyo nyumba ya barabarani. Alifariki mwaka 1981 na kwa wosia wake akazikwa kule kwenye minyaa, na ndiyo maana kaburi limechelewa kujengewa, hakuna njia ya gari.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Baada ya kujengea kaburi, jioni yake kutakuwa na kikao. Eneo lote la kaya ya zamani, pamoja na mkwaju, litagawanywa, na kuna mtu wa mashine za kuchenjua mchanga wa dhahabu ambaye ameshakuja mara mbili kuliulizia. Watakaogawiwa ni watoto wa kiume na wajukuu wa kiume. Mimi nimo. Nimeoneshwa hata ramani, ekari mbili na nusu, kwa mwanafunzi anayekula mihogo ya kukaanga tarehe ishirini ni kishawishi, nisidanganye. Bibi hayumo. Baba mkubwa alinieleza kwa upole tu kwamba ardhi ni ya aliyeifyeka, na aliyeifyeka ni Guku, kwa hiyo ni ya damu yake ya kiume.

Mnaona sasa kwa nini ananitaka niandike "peke yake"?

Nilikwenda maktabani kutafuta sheria. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 kweli linamweka mtoto wa kike daraja la mwisho la urithi, hapo Baba mkubwa hajatunga. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya, katika kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, ilisema mwanamke ana haki ileile juu ya ardhi ya ukoo kama mwanaume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nilimpigia Bibi kumweleza, nikijiona wakili. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mimi ekari za nini, nina miaka themanini na. Waambie tu mkwaju wasiukate. Na mafiga yapo bado, yako kwenye kona ya ukuta wa jiko la zamani, mama aliyajengea hapo."

Kwa hiyo nina kurasa mbili mezani. Moja ina Guku na shoka lake, msitu mtupu, mabomu ya machozi, ukurasa mmoja kamili kama nilivyoagizwa. Nyingine ina kaya nne, basumba, wake wanne ambao majina yao nimeyapata kwa Bibi na nitayasoma moja moja, mtoto chini ya mkwaju, Warongo, na ng'ombe za mahari ya Bibi. Imefika kurasa nne na bado. Rumeti amesoma zote mbili. Ile ya kwanza amesema ina Kiswahili kizuri. Ile ya pili ameniuliza kama kuna nafasi kwenye basi, anataka kuja kuona hayo mafiga.

Nimekata tiketi mbili, tunaondoka tarehe tano. Baba mkubwa bado hajajua nitasoma ipi. Haya, kipindi cha saa nane kinaanza na sijanyoosha shati.